Shaba Inafubaa Chomboni: Soma Rangi ya Doa Kabla ya Kushika Kitambaa

Kengele ya sitahani, bawaba za makabati, fremu za madirisha ya duara, taa za kuning'inia, kitako cha dira. Vikisuguliwa leo vinawaka. Vikikaa wiki mbili karibu na maji ya chumvi vinarudi kahawia, na mwenye chombo anafungua tena kopo la dawa ya kung'arishia. Kuna hasara ndani ya mzunguko huo ambayo haionekani upesi: kila msuguo unaondoka na ngozi nyembamba ya metali. Nimewahi kushika kengele kuukuu ambayo jina lililochongwa juu yake lilikuwa limelika mno, hata nikalisoma kwa kupapasa na vidole. Bahari haikufanya hivyo. Ni kitambaa na dawa, wiki baada ya wiki, kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: usisugue bado. Shaba ya njano hueleza kinachoisumbua kwa rangi ya doa, kwa mahali doa lilipo na kwa kasi lililokuja nayo. Kahawia ina chanzo chake, nyeusi ina chake, kijani ina chake, na waridi ni habari nzito kuliko zote. Ukisugua kabla ya kusoma, unafuta ushahidi na chanzo unakiacha palepale.

Jua kwanza una nini mkononi

Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na mara nyingi shaba yenyewe huwa kati ya asilimia 60 na 70. Bronzi ni jamaa yake, ila humo shaba huchanganywa zaidi na bati, na huvumilia bahari vizuri zaidi. Lakini vifaa vingi vinavyong'aa njano si shaba wala bronzi. Ni ngozi tu ya shaba iliyopakwa juu ya chuma au juu ya aloi ya zinki. Peleka sumaku. Ikinata, ndani ni chuma. Isiponata bado huna uhakika, kwa sababu aloi ya zinki nayo haivutwi na sumaku. Kwaruza kidogo mgongoni, mahali pasipoonekana: shaba halisi inabaki njano hadi ndani, ya kupakwa inaonyesha kijivu. Kifaa cha kupakwa usikipelekee dawa yenye chembe za kusugulia hata mara moja. Kioshe kwa sabuni, kikaushe, kipake nta, basi.

Jambo la pili ni kujua kama kuna vanishi juu yake. Vifaa vipya vingi hutoka kiwandani vikiwa vimepakwa vanishi isiyo na rangi, na mtu anaweza kusugua nusu siku juu ya vanishi huku doa liko chini yake. Chovya pamba katika asetoni, uisugue mahali pa kificho. Ikianza kunata, kuna vanishi. Vanishi ya vijenzi viwili, kama poliurethani, haitikisiki kwa asetoni. Hiyo utaitambua kwa jinsi doa linavyotembea kwa mistari, au kwa maganda yanayonyanyuka pembeni.

Dalili: kahawia iliyoenea sawasawa

Huu ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote, na ni wa kawaida kabisa. Oksijeni imeungana na shaba, na utando wa oksaidi unazidi kukoza kadiri siku zinavyokwenda: kwanza rangi ya asali, halafu kahawia, mwishowe karibu nyeusi. Unyevu huharakisha, joto huharakisha, lakini chumvi ndiyo inayoharakisha kuliko vyote.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hufuta shaba kwa kitambaa kikavu baada ya safari wakaamini wamemaliza. Chumvi haiondoki kwa kufutwa, inasambazwa. Na chumvi ya bahari ina tabia ambayo ya mezani haina. Chumvi safi ya mezani hunywa unyevu wa hewa hadi ikayeyuka pale tu unyevu huo unapofika karibu asilimia 75. Ya bahari ina pia kloraidi ya magnesi, ambayo inaanza kulowa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 33 hivi. Maana yake, kifaa kilichorushiwa maji ya bahari hakikauki kamwe, hata siku ambayo mkono wako unahisi kimekauka. Kinabaki kimevaa utando wa maji ya chumvi usioonekana, na kazi inaendelea usiku na mchana.

Tiba ni maji baridi yasiyo na chumvi, mengi kuliko unavyodhani yanatosha, kila baada ya safari. Suuza kwanza, ndipo ufute. Kama maji ya tangini ni ya kubania, lowesha kitambaa, futa, kamua, lowesha kingine, futa tena, halafu malizia kwa kikavu. Ukifanya hivyo bila kukosa, muda kati ya msuguo na msuguo utarefuka hata kabla hujapaka kinga yoyote.

Dalili: mng'aro haudumu hata siku mbili

Umesugua, umefurahi, na kesho yake kumefifia tayari. Mara nyingi kosa liko kwenye kumaliza kazi. Dawa ya kung'arishia imeachwa bila kuoshwa, nayo ina kemikali zinazoendelea kuuma metali. Au umetumia limau na chumvi, au siki na chumvi, njia ambayo kweli inaondoa weusi kwa haraka ya kushangaza, lakini inaacha asidi na kloraidi ya chumvi ndani ya kila mchubuko. Ukitumia asidi, osha kwa maji mengi, paka maji yenye magadi soda kidogo ili kuua asidi iliyobaki, osha tena, kausha papo hapo. Usiache jua likukaushie.

Sababu nyingine ni uso mbaya. Kifaa kilichosuguliwa kwa msasa wa chembe kubwa kisha kikapandishwa mng'aro juu juu kina mabonde mengi madogo, na kila bonde linashika chumvi. Rudi nyuma, panda hatua kwa hatua kwa msasa laini hadi laini zaidi, kila mara ukibadili mwelekeo wa kusugua ili uone kama mikwaruzo ya hatua iliyopita imeisha. Kazi hii inachosha lakini inafanywa mara moja.

Dalili: alama za vidole na madoa ya mviringo

Jasho lina chumvi na asidi. Mtu akishika shaba iliyong'arishwa bila kinga, alama ya kidole chake huchomoza baada ya siku kadhaa kama picha. Madoa ya mviringo ni matone ya maji ya chumvi yaliyokaukia hapo. Vyote viwili huondoka kwa dawa laini kama vimewahiwa. Mahali panaposhikwa kila siku, kama kitasa au kishikio cha ngazi, vanishi haitadumu na nta itachakaa upesi. Hapo mimi naacha mikono ya watu ifanye kazi yake: sehemu inayoshikwa sana hujing'arisha yenyewe kwa kupapaswa, na sehemu zinazobaki unazifuta kwa kitambaa chenye nta kidogo.

Dalili: weusi wa haraka ndani ya kabini

Vifaa vya nje viko salama kiasi, lakini vya ndani, ambavyo havipati hata tone la maji, vimekuwa vyeusi au vina mng'ao wa buluu na zambarau. Hapo usitafute chumvi. Tafuta salfa.

Haidrojeni salfaidi ni ile gesi inayonuka kama yai viza, na hata kiasi kidogo mno ambacho pua yako imeshakizoea kinatosha kuigeuza shaba. Ndani ya chombo ina makao kadhaa. Maji yaliyotuama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, pamoja na uchafu wa mafuta na mabaki ya chakula. Mabomba ya choo kinachotumia maji ya bahari, hasa chombo kikikaa siku nyingi bila mtu, kwa kuwa vijidudu waliomo hutumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi hiyo. Tangi la maji machafu lenye bomba la hewa lililoziba. Betri ya asidi inayochajiwa kupita kiasi. Na kuna chanzo kimoja ambacho wengi hawakidhanii: mpira. Mpira mwingi hukomazwa kwa salfa, na mkanda wa mpira unaozunguka fremu ya dirisha unaweza kuchora mstari mweusi pale tu unapogusana na shaba. Sufu nayo ina salfa, kwa hiyo usifunge kengele ndani ya kitambaa cha sufu ukidhani unaihifadhi.

Kuna njia rahisi ya kumkamata mhalifu. Chukua vipande vidogo kadhaa vya shaba, visugue vyote hadi ving'ae sawasawa, vioshe, uvitundike sehemu mbalimbali: karibu na ngama, karibu na choo, chumba cha betri, kabati la juu, na kimoja sitahani mahali pasipofikiwa na maji. Rudi baada ya wiki. Kilichotangulia kuwa cheusi ndicho kilicho karibu na chanzo. Nimeona njia hii ikielekeza kwenye bomba la choo lililochakaa ambalo lilikuwa linapitisha harufu polepole kupitia ukuta wake, wakati wote tulikuwa tunailaumu ngama.

Kama chanzo ni betri, jambo la shaba linasubiri. Gesi hiyo ni sumu, na betri inayotoa harufu hiyo inatoa pia haidrojeni inayolipuka. Zima chaja, fungua madirisha, toka kabini, na usiwashe wala kuzima kitu kingine chochote kinachoweza kutoa cheche.

Dalili: kijani

Kijani ya mng'ao, ya unga, inayokaa kwenye pembe, chini ya vichwa vya skrubu na katika mikunjo ya nakshi, ni kazi ya kloraidi. Hii ni nzito kuliko kahawia kwa sababu inachimba. Ukiifuta juu juu inarudi palepale, maana chumvi imeshajificha ndani ya shimo. Toa kifaa mahali pake, kiloweke katika maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, badilisha maji mara kadhaa, piga mswaki laini kwenye pembe zote. Kikauke kabisa, ndipo usugue. Ukipaka vanishi juu ya kijani iliyofutwa tu, umefungia chumvi ndani na umeipa nyumba.

Kijani ikiwa imezunguka kitako cha kifaa kama pete, lakini juu hakuna kitu, angalia kilichotumika kuzibia. Silikoni inayonuka siki wakati inakauka hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huuma shaba. Unaweza kuwa na kazi safi kabisa ya useremala, skrubu zimekaa sawa, maji hayaingii, na bado chini ya kifaa kuna uozo wa kijani unaoanza siku ileile ulipokifunga. Ng'oa, safisha silikoni yote, tumia kizibio kisicho na harufu ya siki wakati wa kukauka. Mbao nazo zina neno: mbao za mwaloni hutoa asidi zake, hasa zikiwa bichi au zikilowa. Ziba matundu ya skrubu na mgongo wa kifaa.

Dalili: madoa mekundu ya kutu

Shaba haitoi kutu nyekundu. Ukiiona, chuma kimeingia. Ama skrubu ni za chuma cha kawaida, ama mtu alisugua kwa stili waya na vijipande vyake vimebaki vimejichomeka. Tumia pedi ya nailoni au sufi ya bronzi, na skrubu ziwe za shaba, bronzi au chuma kisichoshika kutu. Ila jihadhari kufunga shaba moja kwa moja juu ya mlingoti au fremu ya alumini. Metali mbili hizo zikilowa maji ya chumvi zinakuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Weka kipande cha plastiki au nailoni katikati kuzitenganisha.

Dalili: waridi

Sasa tumefika penye uzito. Shaba yako imegeuka rangi ya waridi au nyekundu kama ya sufuria ya shaba, na hujui kwa nini.

Kuna waridi ya juu juu, na kuna ya ndani. Ya juu juu hutokea ukitumia asidi: imeondoa zinki kwenye uso na kuacha shaba nyekundu. Dawa ya kung'arishia inaondoa utando huo kwa dakika chache na njano inarudi. Usilale macho kwa hilo.

Ya ndani ni zinki kutoroka. Shaba yenye zaidi ya asilimia 15 hivi ya zinki, ikikaa muda mrefu ndani ya maji ya chumvi, huachia zinki yake ikaenda na maji, na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Umbo la kifaa linabaki lilelile. Bolti inaonekana bolti, valvu inaonekana valvu. Nguvu ndiyo haipo. Gonga kwa nyundo ndogo: shaba nzima inalia, iliyooza inatoa sauti butu. Kwaruza kwa kisu: ikiwa waridi inaendelea ndani na metali inamomonyoka, usifikirie mng'aro tena. Fikiria kubadilisha, na kama kifaa hicho kiko chini ya mstari wa maji, chombo kisielee hadi kimebadilishwa.

Watu hunikumbusha kwamba meli za zamani zilivikwa shaba ya njano chini ya maji, na ni kweli. George Frederick Muntz wa Birmingham alipata hataza mwaka 1832 kwa aloi ya takriban asilimia 60 ya shaba na 40 ya zinki, na mabati yake yalifunika matumbo ya meli nyingi za mbao. Cutty Sark, meli ya tanga ya Uingereza iliyoteremshwa majini mwaka 1869, iliivaa. Lakini hayo yalikuwa mavazi, yaliyokusudiwa kuchakaa taratibu na kubadilishwa, huku yakizuia viumbe wa baharini wanaong'ang'ania tumbo la meli na minyoo wanaotoboa mbao. Hayakuwa yanashikilia maji yasiingie ndani. Valvu inayopita kwenye bodi ya chombo chako inashikilia. Pale chini weka bronzi, au aloi iliyotengenezwa kupinga kutoroka kwa zinki. Shaba ya njano ya kibaharia, yenye asilimia moja hivi ya bati, inajitahidi kuliko ya kawaida, lakini mimi nisingeiweka mahali ambapo kuvunjika kwake ni kuzama.

Dalili: nyufa

Ufa mwembamba kwenye shaba iliyokunjwa au kufinyangwa, bila kugongwa na chochote, unaelekeza kwenye amonia. Jambo hili liligunduliwa kwa machungu: maganda ya risasi ya shaba ya jeshi la Uingereza yaliyohifadhiwa India katika karne ya 19 yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi katika mazizi ya karibu. Metali iliyobanwa, unyevu na amonia vikikutana, ufa huja. Dawa nyingi za kung'arishia shaba na za kusafishia vioo zina amonia. Kusugulia mara mojamoja na kuosha vizuri hakuna neno, lakini usiloweke kifaa humo, na usiiache ndani ya mikunjo. Kilichopasuka hakiungiki kwa vanishi, badilisha.

Dalili: vanishi imeharibika

Mistari myembamba inayotambaa chini ya vanishi kama njia za minyoo ina maana kwamba chumvi au unyevu ulifungiwa humo, au umeingia kupitia tundu dogo au ukingo uliopakwa kwa wembamba. Vanishi ya manjano inayopauka na kuwa kama chaki imechomwa na jua. Epoksi isiyolindwa ndiyo inayowahi kufika huko. Vijitundu vya mviringo ambavyo vanishi imekataa kukaa ni mafuta: hukuondoa grisi yote ya dawa ya kung'arishia.

Na kuna ukungu mweupe unaokuja saa ileile unapopaka. Hili lilinipata. Nilipaka kengele jioni, hewa ikiwa nzito, nikaiacha inang'aa kama kioo. Asubuhi nikaikuta imevaa maziwa. Kiyeyusho kinapopaa hupoza metali, unyevu wa hewa unaganda juu yake na kunaswa. Niliivua vanishi yote nikaanza upya siku kavu, kabla ya jua kuanza kushuka. Tangu hapo sijapaka vanishi baada ya alasiri.

Kasoro hizi zote hazizibiki kwa kuongeza tabaka juu. Vua yote. Akriliki na vanishi ya selulosi hutoka kwa asetoni au thina. Poliurethani inahitaji dawa ya kuondolea rangi na jasho, na hiyo ndiyo sababu siipendi kwenye shaba: siku ikiharibika, na itaharibika, kuivua ni adhabu.

Kuchagua kinga

Sasa ndipo tunapofika kwenye kulinda, na ushauri wangu haufanani kwa kila kifaa.

Vitu vya ndani visivyoshikwa, kama fremu ya saa, kipimahewa na taa, vinafaa vanishi ya akriliki. Iliyo bora ni ile yenye benzotriazoli, kemikali inayojishikiza kwenye shaba na kuzuia kutu hata unyevu ukipenya. Incralac, iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya shaba miaka ya 1960, ni ya ukoo huo. Vua kifaa, usipake kikiwa kimefungwa ukutani, kwa kuwa kutu huanzia mgongoni na kwenye matundu ya skrubu. Ng'arisha, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza. Vaa glavu, na kuanzia hapa usikiguse kwa mkono mtupu. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, badilisha kitambaa, futa tena, hadi kitambaa kisitoke na hata kivuli cha weusi. Mimina maji: yakitandaa kama shuka moja bila kukatika, uso ni safi, yakijikunja kuwa matone, bado kuna mafuta. Kausha kwa mashine ya nywele hadi kifaa kiwe na joto la mkono. Paka tabaka jembamba, subiri, paka lingine kwa mwelekeo tofauti, na tabaka la tatu. Kingo na pembe zipate nyongeza, maana vanishi hukimbia kwenye ncha. Fanya hivyo penye hewa ya kupita na mbali na moto. Mivuke ya viyeyusho hivi inadhuru mapafu na inawaka.

Vitu vya nje vinavyorushiwa maji lakini havisuguliwi na kamba, kama kengele na kitako cha dira, mimi navipa nta. Nta ngumu ya kanauba au nta ya chembe ndogo, kama Renaissance iliyobuniwa katika British Museum miaka ya 1950, hupakwa nyembamba juu ya metali yenye joto kidogo, huachwa ikauke, kisha hupigwa kitambaa. Tabaka mbili. Haidumu kama vanishi, lakini ikichoka haikuachii michoro. Unaosha na kupaka tena bila kuvua chochote. Kipimo ni maji yenyewe: siku yakiacha kusimama kama matone na kuanza kulala bapa, nta imekwisha.

Vifaa vya kufungia kamba sitahani achana navyo. Kamba itakula vanishi ndani ya safari moja na nta ndani ya mbili. Viache vikae kahawia, vioshe chumvi, hakikisha hakuna kijani inayochimba. Shaba ya kahawia iliyotulia si kifaa kilichopuuzwa.

Dawa nyeupe iliyoganda ndani ya nakshi iondoe kwa mswaki na tapentaini kabla ya kupaka chochote. Na unapong'arisha kifaa kilichofungwa, zungushia tepu ya karatasi, maana maji meusi ya dawa yakiingia kwenye mbao hayatoki.

Chombo kikienda kulala kwa miezi, osha shaba yote, kausha, na paka mafuta ya mgando kwa wembamba juu ya kila kitu ambacho hakina vanishi. Kengele ivalishwe mfuko wa turubai uliokauka kabisa, ulioachwa wazi chini ili hewa ipite. Mfuko uliobanwa hunasa unyevu na hufanya kazi mbaya kuliko kukosa mfuko. Kausha ngama, suuza mabomba ya choo kwa maji baridi, toa kila kilicho cha sufu karibu na shaba, na milango ya makabati iache wazi kidogo.